Mweupe kakosea wapi hapa? Rotlewi dhidi ya Rubinstein, Łódź 1907

Kijana_wa_d4

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua chesi, maana kuna gemu moja haitoki kichwani na hapa mtaani kwetu vijana wengi ni wa drafti, ukiwaonyesha farasi anavyoruka wanakuacha na ubao wako.

Mimi nikiwa na kete nyeupe nafungua kwa askari wa malkia tu, d4, kila siku. Sasa nimeanza kutafuta magemu makubwa ambayo Mweusi alishinda dhidi ya d4 ili nielewe hatari inatokea upande gani, na nimekutana na hii ya mwisho wa mwaka 1907 kule Łódź, mji wa viwanda vya nguo ambao enzi hizo ulikuwa chini ya Urusi na leo uko Poland. Mweupe ni Georg Rotlewi, Mweusi ni Akiba Rubinstein. Naweka muvu zote ili mtu aweze kupanga ubao (K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, bila herufi ni askari; x ni kula, + ni cheki yaani mfalme anashambuliwa, O-O ni kukasto yaani mfalme na ngome kuhama pamoja):

1.d4 d5 2.Nf3 e6 3.e3 c5 4.c4 Nc6 5.Nc3 Nf6 6.dxc5 Bxc5 7.a3 a6 8.b4 Bd6 9.Bb2 O-O 10.Qd2 Qe7 11.Bd3 dxc4 12.Bxc4 b5 13.Bd3 Rd8 14.Qe2 Bb7 15.O-O Ne5 16.Nxe5 Bxe5 17.f4 Bc7 18.e4 Rac8 19.e5 Bb6+ 20.Kh1 Ng4 21.Be4 Qh4 22.g3 Rxc3 23.gxh4 Rd2 24.Qxd2 Bxe4+ 25.Qg2 Rh3, Mweupe akasalimu amri.

Yaani muvu 25 tu. Na ukiangalia Mweupe hajafanya jambo la ajabu, farasi wote wametoka, maaskofu wote wametoka, amekasto, hajampoteza mtu bure, halafu ghafla Mweusi anaacha malkia aliwe, anaacha ngome iliwe, na bado anashinda. Nimerudia rudia pale muvu ya 22 na ya 23 natafuta pa kumwokolea Mweupe sioni. Swali langu ni kosa lilikuwa wapi hasa, maana kama ni muvu ya 21 basi mbona kabla ya hapo tayari anaonekana amebanwa. Na kingine kinachonisumbua, Mweupe ndiye anayeanza, inakuwaje Mweusi ndiye anayefika kwenye mfalme wa mwenzake kwanza?

Ngome_ya_Kale

Kijana hilo swali lako la mwisho ndilo lenye jibu lote, kwa hiyo nianze na hilo.

Panga ubao mpaka Mweupe amalize muvu ya 15, yaani ameshakasto. Sasa usitazame kete za Mweusi kwanza, tazama za Mweupe peke yake: askari a3, b4 na e3, farasi c3 na f3, maaskofu b2 na d3, malkia e2, mfalme amekasto. Sasa geukia za Mweusi: askari a6, b5 na e6, farasi c6 na f6, maaskofu b7 na d6, malkia e7, mfalme amekasto. Umeona? Ni picha ileile imegeuzwa, kete kwa kete. Tofauti ni moja tu, ngome ya Mweusi imeshatoka f8 imekaa d8 kwenye mstari ulio wazi. Na juu ya hilo, sasa ni zamu ya nani? Ya Mweusi! Kwa hiyo mtu aliyeanza gemu ametangulia, kufika muvu ya 15 yuko nyuma muvu nzima na mwenzake ndiye anayecheza.

Zilipotelea wapi? Zilipotelea sehemu mbili. Ya kwanza ni askofu wa f1. Alienda d3, akaitwa c4 kula askari, halafu b5 ya Mweusi ikamrudisha d3. Safari tatu kufika nyumba ambayo zingetosha mbili, kwa sababu kama angekaa f1 akasubiri Mweusi ale c4 ndipo atoke, angekula moja kwa moja. Mtazame askofu wa Mweusi wa f8 upate tofauti: Mweupe mwenyewe kwa 6.dxc5 ndiye aliyemvuta nje, akatoka mara moja kula c5, b4 ikamsukuma d6, safari mbili basi. Ni sawa na abiria aliyewahi kituoni mapema akarudi nyumbani kufuata mwavuli, anarudi gari limejaa.

Ya pili ni malkia. Qd2 muvu ya 10, halafu Qe2 muvu ya 14. Wa Mweusi alienda e7 mara moja tu na pale pale akakaa.

Wengi wetu tunaofungua na d4 hatuhesabu hizi. Tunaona "kete zangu zote zimetoka" tunaridhika, hatuulizi zimetoka kwa muvu ngapi. Kwenye hizi gemu za askari wa malkia kuna vita ya kimya kimya ya kusubiriana, nani atamtoa askofu wake kwanza ndipo mwenzake ale askari wa c. Atakayekosa subira ndiye anayelipa muvu. Rubinstein alikuwa na subira kuliko wote wa kizazi chake.

Zuhura_wa_Mishazari

Shikamoo Ngome, maelezo mazuri sana hayo ya kioo, lakini hapo mimi siwezi kukubali kwamba ndiyo jibu lote. Muvu mbili kwenye nafasi ambayo haijafunguka sana hazimuui mtu. Ukimpa mchezaji mtulivu kile kikao cha muvu ya 15 na kete nyeupe, akaleta ngome zake katikati, akapunguza kete, gemu inaweza kwenda sare. Kilichomuua Rotlewi ni kwamba yuko nyuma halafu anataka kushambulia. Hicho ndicho kitu ningependa kijana akielewe.

Tazama muvu ya 16, Mweusi amekula e5 na askofu. Kuna tishio pale ambalo ukipita haraka hulioni: Bxh2+, mfalme akila, Qd6+ na malkia anapiga cheki huku anamtazama askofu wa d3, anamla, mtu anabaki na askari pungufu. Kwa hiyo Mweupe ilibidi afanye kitu na akachagua 17.f4, ambayo inamfukuza askofu na inaonekana ya kishujaa. Lakini askari wa f2, pamoja na yule wa e3, ndio waliokuwa wanauziba mshazari wa kutoka g1 kwenda a7. Alipoondoka, mlango wa mfalme ukabaki na huyo wa e3 peke yake, na askofu wa Mweusi alirudi c7 tu, nyumba moja kutoka b6. Unaona anavyosubiri?

Kisha 18.e4 na 19.e5. Hii ya 19 ndiyo kosa kwangu. Wakati askari yuko e4, askofu wa b7 anatazama ukuta. Akisogea e5, mshazari mrefu wote mpaka g2 unafunguka na hakuna tena wa kuuziba, wakati huohuo askofu wa Mweupe wa b2, ambaye tayari farasi wake wa c3 alikuwa amemkalia mbele, sasa hata farasi akiondoka atagongana na askari wake mwenyewe pale e5. Muvu moja tu imemfungulia adui askofu na kumzika wa kwako. Na Rotlewi alifikiri anafukuza farasi wa f6! Mweusi anapiga cheki kwanza b6, mfalme anaingia kona ya h1, ndipo farasi anaruka g4, mbele badala ya kurudi nyuma.

Halafu kitu kingine, ngome ya a1. Haikusogea gemu nzima. Mweupe ametumia muvu tatu za 17, 18 na 19 kusukuma askari wakati Mweusi anaweka ngome c8. Ukifika muvu ya 20 hesabu waliopo vitani: Mweusi ana ngome mbili, maaskofu wawili, farasi na malkia, wote wana kazi. Mweupe ana ngome moja imelala na askofu mmoja kipofu.

Kijana_wa_d4

Asante sana dada Zuhura na mzee Ngome, nimepanga ubao na kweli hiyo ya kioo imenishangaza, sikuwahi kuitazama nafasi kwa namna hiyo. Sasa naomba mnisaidie pale kwenye moto wenyewe. Muvu ya 20 farasi amekuja g4 na malkia wa Mweupe anamwona pale pale, kwa nini hakumla? Na muvu ya 22 badala ya g3 mimi ningecheza h3, namfukuza farasi. Na pia pale ngome imekula c3, si lazima kumla malkia, Mweupe angekula ngome ya c3 na askofu wake au angekula b7. Nimejaribu ila napotea njiani.

Farasi_Mbili

Hapo niachieni mimi wakuu, hii sehemu naipenda kuliko chochote kwenye chesi. Kijana weka ubao mbele yako usisome kavu.

Malkia kumla farasi muvu ya 21, yaani 21.Qxg4. Malkia ndiye aliyekuwa analinda d3, akiondoka Mweusi anamla askofu, 21...Rxd3. Hesabu ya kete iko sawa, farasi kwa askofu, ila sasa ngome iko d3 inamtishia farasi wa c3 pamoja na mwenzake wa c8, na ikishuka d2 inagusa b2 na g2 kwa pamoja huku askofu wa b7 naye anaitazama g2. Mweupe hapumui. Kama ataanza na 21.Bxh7+ apate askari kwanza, Kxh7 22.Qxg4 Rd2, ni yaleyale.

Kwa hiyo akacheza 21.Be4 akijaribu kuuziba ule mshazari mrefu, wazo zuri tu, ila malkia anakuja h4 na tishio ni Qxh2 meti, yaani mfalme hana tena pa kukimbilia na gemu imeisha, farasi wa g4 anamshika mkono. Sasa h3 yako. 22.h3 Rxc3! na hapa kuna njia mbili nzuri kuzijua.

Njia ya kwanza, 23.Bxc3 Bxe4. Ukila 24.Qxe4, Mweusi anacheza Qg3!! anatishia h2. Unamla farasi, 25.hxg4, na malkia anarudi h4 meti. Tazama mfalme: h2 malkia anaiona, g1 ni ya askofu wa b6, g2 kuna askari wake mwenyewe. Na hapo Mweupe ana malkia katikati ya ubao ambaye hawezi kufanya lolote.

Njia ya pili, Mweupe anakula farasi mara moja, 23.Qxg4, na ngome inaingia 23...Rxh3+. 24.Qxh3 Qxh3+ 25.gxh3 Bxe4+ 26.Kh2 Rd2+ 27.Kg3 Rg2+ 28.Kh4 Bd8+ 29.Kh5 Bg6 meti. Mfalme ametembezwa kutoka kona yake mpaka h5 na kote kuna mtu anamsubiri. Hii haikuchezwa ubaoni lakini ipo, na ndiyo sababu Rotlewi hakucheza h3.

Sasa gemu yenyewe, 22.g3 Rxc3!! Umeuliza kula ngome. 23.Bxc3 Bxe4+, malkia lazima ale, 24.Qxe4, na Qxh2 meti. Imeisha. Umeuliza kula b7. 23.Bxb7 Rxg3! na ukitaka kuila hiyo ngome na askari wa h2 huwezi, amefungwa, nyuma yake kuna mfalme na mbele kuna malkia wa h4. Tishio la h2 liko palepale na huna cha maana cha kufanya.

Kwa hiyo akala malkia, na kusema kweli mimi na wewe tungefanya hivyohivyo, maana ukishaona njia zote zimefungwa bora ufe umekula. 23.gxh4 Rd2!! Hii muvu ndiyo inayonisisimua kuliko ile ya kwanza. Malkia ameshaondoka, ngome moja iko c3 inaweza kuliwa, na nyingine anaileta d2 nayo iliwe na malkia. Zote mbili ziko mdomoni mwa Mweupe. Na hakuna njia hata moja.

24.Bxc3 Rxe2 na sasa tishio ni h2 na pia Bxe4, akila 25.Bxb7 anakula Rxh2 meti. 24.Bxb7 Rxe2 25.Bg2 analinda kwa kurudi, Mweusi anacheza Rh3! na ukila hiyo ngome ile nyingine inaua h2. 24.Qxg4 Bxe4+ 25.Rf3 Rxf3 na sasa 26.Qxf3 Bxf3 meti. Na aliyocheza yeye, 24.Qxd2 Bxe4+ 25.Qg2 Rh3. Malkia wa g2 amefungwa na askofu wa e4, hawezi kuila ngome ya h3, na akimla askofu, Rxh2 meti. Akiingiza ngome f3 askofu anaila tu na kesi ni ileile.

Mweupe anamaliza gemu akiwa na malkia, ngome mbili na askofu. Mweusi ana ngome, maaskofu wawili na farasi. Panga hiyo picha ya mwisho umwonyeshe mtu asiyejua gemu umuulize nani anashinda.

Ngome_ya_Kale

Farasi umeeleza vizuri sana. Naomba niongeze jambo moja kwa Zuhura kwa heshima. Kubali kwamba e5 ni kosa, mimi sipingi. Lakini zile kafara zote zinafanya kazi kwa sababu kila kete ya Mweusi imefika. Toa hiyo ngome ya d8 uirudishe f8, au toa ile ya c8 uirudishe a8, na Rd2 haipo, Rxc3 haipo. Zile muvu mbili zilizopotea ndizo hizo ngome mbili. Ndiyo maana nasema mzizi uko mbali na mahali moto ulipowaka.

Zuhura_wa_Mishazari

Hapo umenipata mzee Ngome, hesabu hiyo ya ngome mbili inakaa vizuri. Ila naendelea kusema, kijana akiondoka hapa akidhani gemu ilikufa muvu ya 13 ataanza kukata tamaa mapema kila akipoteza muvu. Hapana. Ukijikuta uko nyuma, funga milango, usiifungue. Mtu aliye mbele kwa muvu ndiye anayefaidika na mistari ikifunguka, kwa hiyo f4, e4, e5 zote zilikuwa zawadi kwake.

Msomi_wa_Jioni

Nimefuata mjadala kimya kimya nikaona niweke kidogo kuhusu hawa watu wenyewe, maana wengine wanaweza kudhani Rotlewi alikuwa dhaifu tu aliyepigwa na bingwa. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka 18 hivi, na miaka minne baadaye kwenye shindano kubwa la Karlsbad 1911 alimaliza wa nne, nyuma ya Teichmann, Rubinstein na Schlechter. Huyo si mtu mdogo. Bahati mbaya maradhi yalimtoa kwenye chesi na akafariki 1920 akiwa bado kijana.

Rubinstein alizaliwa Stawiski, mji mdogo wa Wayahudi wa Poland, familia ya dini, alikuwa anasomea Talmudi (vitabu vya sheria za dini ya Kiyahudi) na chesi aliijua akiwa tayari kijana, si mtoto mdogo kama mabingwa wa leo wanaoanza na miaka mitano. Alihamia Łódź kwa sababu kulikuwa na Salwe, mchezaji mkali wa mji ule, wakawa wanapigana naye mara kwa mara mpaka akamzidi. Shindano hili lenye gemu yetu, lile la mabingwa wa Urusi, alilishinda yeye. 1909 pale St. Petersburg alimaliza sawa na Lasker aliyekuwa bingwa wa dunia na gemu yao ya ana kwa ana akamshinda. 1911 San Sebastián alimpiga Capablanca. 1912 akachukua mashindano matano ndani ya mwaka mmoja. Mechi yake na Lasker ya kugombea ubingwa wa dunia ilikuwa inapangwa 1914, ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, mambo yote yakafa. Mimi huwa naumia nikifikiria hilo kwa kweli, maana baada ya vita hakuwa tena yule, afya ya akili ikamwelemea na kuanzia 1932 hakucheza tena mashindano, akaishi Ubelgiji mpaka alipofariki 1961.

Sasa kijana, kama unataka kuona kwamba hii gemu haijazeeka, tafuta ya Aronian na Anand, Wijk aan Zee kule Uholanzi, Januari 2013. Nayo ni d4, nayo Mweusi alishinda, muvu 23 tu. 1.d4 d5 2.c4 c6 3.Nf3 Nf6 4.Nc3 e6 5.e3 Nbd7 6.Bd3 dxc4 7.Bxc4 b5 8.Bd3 Bd6 9.O-O O-O 10.Qc2 Bb7 11.a3 Rc8 12.Ng5 c5 13.Nxh7 Ng4 14.f4 cxd4 15.exd4 Bc5 16.Be2 Nde5 17.Bxg4 Bxd4+ 18.Kh1 Nxg4 19.Nxf8 f5 20.Ng6 Qf6 21.h3 Qxg6 22.Qe2 Qh5 23.Qd3 Be3, Mweupe akaacha.

Angalia mnofu wake: askofu wa b7 anatazama g2, askofu mwingine anatafuta mshazari wa g1, farasi yuko g4, Mweupe amecheza f4. Ni mifupa ileile ya Łódź baada ya zaidi ya miaka 100, na Anand mwenyewe, ambaye wakati huo ndiye alikuwa bingwa wa dunia, aliitaja gemu ya Rubinstein alipoulizwa. Pale muvu ya 16 ukila farasi, 17.fxe5, Mweusi anacheza Qxd4+ 18.Kh1 Qg1+!! 19.Rxg1 Nf2 meti, mfalme amezibwa na watu wake mwenyewe. Na angalia pia muvu ya 6, ya 7 na ya 8 za Mweupe: askofu d3, anakula c4, anarudishwa d3 na b5. Safari ileile aliyoisema mzee Ngome, ingawa kwenye openingi hii Mweusi naye analipa kidogo kwa kucheza c6 kisha c5.

Kijana_wa_d4

Aisee. Nimeipanga hiyo ya Anand mpaka mke wangu ananiuliza kama nimelala na ubao. Msomi asante mno, sikujua habari za Rubinstein hata kidogo na sasa gemu naitazama kwa jicho lingine kabisa.

Swali la mwisho wakuu msinichoke. Kwa sababu mimi siachi d4, nicheze nini pale muvu ya 10 badala ya Qd2? Nimeona askari wa d5 kama wa bure hivi, nikila cxd5 exd5 halafu farasi akala d5, si nina askari wangu?

Farasi_Mbili

Usiguse! Hapo ndipo wengi wanapozama. 10.cxd5 exd5 11.Nxd5 Nxd5 12.Qxd5 na Mweusi anacheza Bxb4+. Ni cheki, na askofu alipotoka d6 amefungua mstari wa d, malkia wake wa d8 anamwona malkia wako wa d5. Ukila askofu, axb4, anakula malkia. Umekwisha. Rotlewi yeye alicheza Qd2 kwanza. Na Rubinstein akamjibu Qe7, yaani kula tu ukitaka: 11.cxd5 exd5 12.Nxd5 Nxd5 13.Qxd5 Rd8, ngome inamkimbiza malkia, kisha Be6, mfalme wa Mweupe bado kasimama e1. Rotlewi aliogopa, na nadhani aliogopa kwa sababu.

Ngome_ya_Kale

Ila cxd5 yenyewe kijana si mbaya, ubaya uko kwenye kumfuata huyo askari kwa pupa. Cheza 10.cxd5 exd5 halafu tulia, 11.Be2, kasto. Faida yake ni mbili. Kwanza askofu wako anaenda e2 mara moja na hakuna tena dxc4 ya kumwita wala b5 ya kumfukuza, ile safari ya kupoteza imekufa. Pili, Mweusi amebaki na askari wa d5 peke yake, hana jirani wa c wala wa e wa kumlinda, itabidi kete zimlinde. Nyumba ya d4 mbele yake ni yako, peleka farasi pale akae, hakuna askari wa kumfukuza. Ngome moja c1, nyingine d1. Mweusi atakuwa na nafasi ya kusogea na atajaribu kukushambulia upande wa mfalme, kwa hiyo askari wako wa f2 mwache palepale, umeshaona gharama yake.

Cheza hivyo gemu kadhaa na wachezaji wa kiwango chako, halafu weka hapa moja uliyopoteza tuipitie.

Zuhura_wa_Mishazari

Na ukiiweka usisahau kuandika ulitumia dakika ngapi kwenye saa, maana gemu za dakika tatu tatu hatuwezi kuzisoma hivi. Cheza angalau za dakika 15, uwe na muda wa kuhesabu muvu zako na za mwenzako kabla hujasukuma askari.